Aliyetengeneza ni Limi

Nenda Muleba leo, simama mwalo wowote wanakoanika dagaa, uliza ni nani aliyetengeneza ule mfumo wa simu unaowaambia akinamama kisiwa gani kina dagaa waliokauka vizuri na kisiwa gani mvua imewaharibia. Watakujibu bila kufikiri: Najibu, kijana wa Bukoba mjini, mtoto wa mama Shamsa mwenye steshenari. Huyo mama Shamsa ndiye mimi. Najibu nimemzaa mwenyewe, nimemnyonyesha mwenyewe, na nasema wallahi si yeye. Aliyetengeneza ni Limi. Watu wamechoka kunisikia nikilisema hili. Wachoke tu.

Limi Mayunga ni Msukuma wa visiwani. Baba yake, mzee Mayunga, alivuka kutoka upande wa Sengerema akiwa kijana, akifuata samaki kama walivyofanya wengi, akaishia Goziba, kisiwa ambacho ukisimama ufukweni pake nchi kavu huioni. Huko ndiko Limi alikozaliwa. Mama yake alipofariki, mzee alimpeleka kwa shangazi yake aliyeko Ngenge akasome, maana kwenye kambi ya wavuvi mtoto wa kike akikua bila mama, watu wana midomo na wana mikono. Akasoma huku akimlimia shangazi mpunga, akafaulu, akafika hadi chuo cha kompyuta. Ada yote ilitoka kwenye mtumbwi, tena mtumbwi wa mtu mwingine, kwa sababu mzee Mayunga hajawahi kuwa na chombo chake.

Alipokuja dukani kwangu alikuwa amelowa chapachapa. Akasimama mlangoni asije akachafua sakafu.

"Shikamoo mama. Natafuta kazi. Hata ya kufagia."

"Marahaba. Ufagio ninao, mfagiaji simtaki. Kuchapa unajua?"

Akakaa, akachapa muhtasari wa kikao cha msikiti bila kutazama vidole vyake, na yale majina ya Kiarabu ambayo Najibu wangu huyakosea kila mara akayapatia yote. Nikamwambia kesho aje asubuhi. Majirani hawakukawia. "Mama Najibu, unamweka Msukuma kaunta? Humjui kwao!" Nikawaambia babu yangu mimi alifika hapa kutoka pwani na kanzu moja mwilini, akaoa Mhaya, akazikwa hapahapa, kama ni kuhesabu wageni basi tuanze na mimi. Wakaenda zao wakinung'unika.

Sasa nikueleze duka langu linavyoendeshwa, maana hapo ndipo balaa lilipopitia. Nina mashine mbili, moja mbovu. Ile nzima ni ya watu wote. Ikishawashwa asubuhi haizimwi hadi nafunga, kwa sababu kuiwasha tena ni kazi. Na mtu haondolewi kwenye akaunti yake. Ukifungua barua pepe yako ukaondoka kwenda kula ebitoke, ndizi zetu za kupika, ukirudi utaikuta. Hii ni heshima ya duka langu na wateja wanaijua. Zamani kuna mteja alimtoa mzee Kagaruki kwenye akaunti yake ili afungue ya kwake. Mzee neno lake la siri alishalisahau kitambo, na humo ndimo zilimokuwa picha za wajukuu wake walio Kanada. Mzee mzima alilia pale kwenye benchi, watu wanafotokopi vyeti huku wanamwangalia. Nikaapa kwamba kwangu hatolewi mtu tena. Na msinitazame mimi kwa macho hayo. Nani alijua?

Limi alipanga chumba Kitendaguro, kimoja, kidogo, kitanda na jiko vinagusana. Mzee Mayunga akija mjini kutibiwa alikuwa analala nyumbani kwangu Kagondo, chumba cha nje, kwa kuwa mzee yule ana aibu zake na ni aibu za haki. "Siwezi kulala chumba kimoja na binti yangu mkubwa," alisema. Miguu yake ilikuwa inavimba, kifua kinakoroma kama birika. Daktari alimwambia aachane na baridi ya ziwani. Mzee akaitikia, akameza vidonge, akarudi ziwani, maana angekwenda wapi? Wenzake wawili wa mtumbwi wa jirani walikwenda na dhoruba na mpaka leo hawajaonekana.

Limi hakuwa na neno jingine ila hilo. "Namtoa majini, mama. Nikipata kazi ya kueleweka na vyumba viwili, baba harudi tena." Alikuwa akilisema akichapa, akilisema akifagia, akilisema akinawa mikono. Vyumba viwili. Wasichana wengine wa umri wake wanawaza simu na nywele, yeye anawaza chumba cha pili cha kumlaza baba yake.

Ndipo Umoja wa akinamama wa dagaa wa Muleba wakatangaza. Mwenyekiti wao, Annastella, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi, alisema wamechoka kupanda boti hadi kisiwani na kukuta dagaa wameoza, wakati kisiwa cha pili wamejaa na hakuna mnunuzi. Wanataka mfumo. Kila asubuhi visiwa vitume habari kwa simu, zihifadhiwe mahali pamoja, na mama aliyeko Muleba au Bukoba aulize kwa simu yake apate jibu. Vijana watengeneze, walete waonyeshe mbele ya kikao, atakayeonyesha kilicho chake na kinachofanya kazi ndiye atakayeajiriwa kuusimamia. Wafadhili wameahidi mshahara. Na nyuma ya ofisi ya Umoja kulikuwa na nyumba ya mfanyakazi. Limi alimpigia Annastella mwenyewe kuuliza ina vyumba vingapi.

"Viwili, mwanangu. Una familia?"

"Nina baba," Limi akajibu.

Basi akaanza kujifunza hiyo klaudi. Mimi nilikuwa nasikia vijana wanaitaja nikidhani ni timu ya mpira. Akanieleza kwamba ni kompyuta kubwa za watu, ziko mbali huko, unapewa nafasi unaweka data zako, hata mashine ya dukani ikiungua data zako zipo. Nikasema, aa, ni kama kupanga stoo. "Ndiyo mama, stoo." Na mwenye stoo hakuachi uingie ukapange magunia mwenyewe, kuna kitu wanakiita laibrari. Nikamuuliza laibrari gani hiyo isiyo na vitabu. Akacheka. "Ni programu fupifupi walizokwisha kuziandika wenye klaudi wenyewe, mama. Unazipakua, unaziweka kwenye mashine, halafu wewe unaziagiza tu: peleka hiki, niletee kile."

Kulikuwa na ukurasa wa mtandaoni wa kuanzia, wa Kiingereza, ambao aliusoma hadi nikaujua na mimi. Pakua laibrari. Fungua akaunti. Ingia kwa akaunti yako kwa amri ya mstari mmoja tu. Andika programu ndogo ya kupeleka kitu kimoja na kukisoma tena. Na kuhusu huko kuingia, ukurasa ulisema usihangaike, ukishaingia mara moja basi. Laibrari itatafuta yenyewe kwenye mashine imkute aliyeingia, na kila utakachopeleka kitakwenda kwenye nafasi yake huyo. Walioandika maneno hayo walidhani kila mtu duniani ana kompyuta yake. Hawajawahi kukaa steshenari ya Bukoba.

Wiki nzima ilikuwa ni maandishi mekundu. Anaandika, mashine inakataa. Bando linaisha, ananunua jingine kwa hela ya chakula. Laibrari ikataka toleo jipya la kitu kingine, hicho kingine kikakataa mashine kuukuu. Nikamwambia, "Limi, acha, itakuua hii." Akasema, "Bado kidogo mama." Akala mihogo ya kuchemsha mchana na jioni, na hakuacha.

Najibu naye akaingia. Mwanangu huyu alishamaliza chuo, yuko nyumbani, kila kazi ni ndogo kwake. Akamkuta Limi na ukurasa ule akasema, "Hiki nacho ni kitu cha kumtoa mtu jasho?" Siku hiyo Limi alikuwa katikati ya kuingia kwa akaunti yake, umeme ukakatika. Uliporudi foleni ya fotokopi ilikuwa imefika barabarani, nikamwita aje anisaidie. Najibu akakaa kwenye mashine. Akafungua akaunti yake, akaandika ile amri ya mstari mmoja, akaingia. Rafiki zake wakampigia simu kuna mpira, akanyanyuka. Alianza Jumatatu akachoka Jumatatu hiyohiyo. Hakumwambia mtu alichofanya, na wala hakikuwa kitu cha kutangaza.

Foleni ilipokwisha Limi akarudi kwenye kiti chake, akaiendesha programu yake kama alivyokuwa ameiendesha mara chungu nzima. Mara hii haikuwa nyekundu. Ikaandika: *Goziba, wamekauka.* Ndicho kitu cha kwanza alichopeleka, na kikarudi. Limi akashika kichwa kwa mikono miwili. Akazunguka kaunta akanikumbatia akanikaba, analia, anacheka, mimi mwenyewe machozi yananitoka na sijui nalilia nini. Mzee Kagaruki aliyekuwa anasubiri fotokopi zake akapiga makofi akimpongeza kwa Kihaya, "Kasinge, waitu! Kasinge!" Nikaagiza soda na sambusa. Limi alidhani kule kuingia kwake kulikokatizwa na umeme kulikuwa kumepita. Nani asingedhani? Programu imepeleka, programu imerudisha. Upo ukurasa wa kutazama ndani ya akaunti, ila kwenye mashine yetu ulikuwa unazunguka tu, haufunguki, akaachana nao.

Kuanzia siku ile akajenga. Msimu wote wa masika alikuwa anajenga. Akinamama wa visiwani walimtumia habari kwa simu, Ikuza mvua, Bumbire wapo tele, Goziba upepo, na yeye akazipeleka zote huko kwenye stoo. Akaandika programu ya kujibu maswali. Akaibadilisha majibu yawe Kiswahili chepesi, kwa sababu mama mwenye mikono yenye magamba hana muda wa kusoma risala. Walimwita mwanetu. Walikuwa wakipita Bukoba wanamletea samaki, duka langu la karatasi likanuka sato, na sikusema kitu. Nilikuwa na fahari naye kuliko ninavyoweza kueleza. Nilimpenda, ndiyo, kama nilivyompenda niliyemzaa, na siku hizo hata zaidi.

Mzee Mayunga akasikia. Akaja mjini, akakaa kwenye benchi akimwangalia binti yake akibonyeza, hakuelewa hata kimoja, akatabasamu tu. Aliniambia kwa siri kwamba ameshamuaga mwenye mtumbwi. "Nimemwambia msimu huu ndio wa mwisho, mama Najibu. Binti yangu ana nyumba Muleba." Nikamwambia mzee, subiri basi hadi kikao kipite. Akasema, "Umemwona anavyofanya? Nisubiri nini?"

Siku ya kikao nilifunga duka. Nilisema lazima nimwone mtoto huyu akipigiwa makofi. Ismail wa duka la simu alituazima laptopu, Limi akahamishia programu yake humo jioni ya kuamkia kikao, tukalala, alfajiri tukaondoka. Ukumbi wa Muleba ulikuwa umejaa kanga na kanzu, akinamama kutoka kila kisiwa, na mbele wamekaa Annastella na bwana mmoja mpole aitwaye Eliud, mtaalamu aliyeletwa na wafadhili. Nikatafuta pa kukaa. Nikamwona Najibu anaingia kwa mlango wa pembeni. Kavaa shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe jana yake, aliponiambia anakwenda harusi ya rafiki.

Nikadhani kaja kumuunga mkono Limi. Kweli, ndivyo nilivyodhani. Moyo wangu ukafurahi.

Limi akaitwa. Akaweka laptopu mezani, akaingia kwa akaunti yake, mara hii bila umeme kukatika, bila foleni. Akaendesha. Hakuna kitu. Akaendesha tena. Stoo tupu, nyeupe, kama haijawahi kuguswa na mtu. Ukumbi ukaanza kukohoa. Akaangalia bando, lipo. Akaangalia mtandao, upo. Nilimwona mgongo wake unavyobadilika, na bado sikuelewa.

Annastella akasema kwa upole, "Mwanangu, pumzika kidogo, tumsikie mwingine." Akaita jina. Najibu Lukmani.

Akasimama. Akafungua laptopu yake mpya ambayo sikuijua ilitoka wapi. Akaingia kwa akaunti yake. Na vyote vikaja. Goziba, Ikuza, Bumbire, msimu mzima wa masika, kila asubuhi, kila neno la Limi, hadi yale majibu ya Kiswahili chepesi, maana programu nayo alikuwa ameinakili kutoka mashine ya dukani kwangu. Mama mmoja akatuma swali kwa simu yake ya kitochi akajibiwa hapohapo, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Najibu akainua mkono wanyamaze. Akasema bila haya, "Nimshukuru na dada Limi, alikuwa ananisaidia kuingiza."

Ananisaidia! Damu ilinipanda hadi masikioni. Nikasimama pale katikati ya watu na nikampayukia mwanangu wa kumzaa. Nikasema huyu ni mwanangu, na ni mwongo. Nikasema kazi hii nimeiona kwa macho yangu ikifanywa na mikono ya binti huyu, wakati yeye anaangalia mpira. Nikasema mengine ambayo mama hasemi mbele za watu. Najibu akawa anatazama viatu vyake.

Limi alikuwa ameshaelewa. Hakupayuka. Akaenda mbele akamweleza bwana Eliud jambo lote lilivyokuwa: mashine ni moja, watu ni wengi, hatolewi mtu, yeye aliendesha programu Najibu akiwa ndiye aliyeingia, laibrari ikamkuta huyo ikamtumia huyo. Akamwonyesha hata mstari wa programu ambapo angepaswa kuandika nafasi ni ya nani, na hakuandika, kwa sababu ukurasa wa kuanzia ulisema si lazima. Bwana Eliud alimsikiliza vizuri. Akauliza maswali, akaafiki kwa kichwa. Mwisho akamgeukia Annastella.

"Anachosema kinawezekana kabisa," akasema. "Lakini kumbukumbu zote zinaonyesha akaunti ya huyu kijana. Siwezi kuwaandikia wafadhili kwamba nimempa kazi mtu kwa sababu inawezekana."

"Basi mwambieni yeye aandike programu hapa hapa mbele yenu!" nikasema. "Mwambieni huyo Najibu aandike mstari mmoja!"

Annastella akanikatiza. "Mama Najibu, tafadhali. Ugomvi wa nyumbani kwako umalizie nyumbani kwako." Wale akinamama waliomwita Limi mwanetu, waliokuwa wakimtumia habari kila asubuhi kwa namba yake, nikawatazama mmoja mmoja. Walitazama pembeni. Kuna mmoja aliyenong'ona, nikamsikia, kwamba afadhali ni kijana wa kwetu. Limi hata kuwaaga hakuwaaga. Tulirudi Bukoba. Alikuwa ameshika flashi mkononi, na ndani ya flashi hiyo programu yake yote, isiyo na kazi tena.

Kagondo usiku hatukulala. Nilimuuliza Najibu alijua lini. Akasema walikuwa wanamtumia barua pepe, matumizi yako yameongezeka, matumizi yako yameongezeka, akaingia kutazama akakuta. Wakati huo ilikuwa katikati ya masika. "Ukanyamaza?" Kisha akasema, "Mama, ni akaunti yangu. Sikuiba. Vilikuja vyenyewe." Nikamwambia ng'ombe wa jirani akiingia zizini kwako kwa bahati mbaya unamchinja? Akasema, "Ungependa mimi nikae hapa hadi lini? Mtoto wako ni nani, mimi au yule Msukuma?" Nikamwambia aondoke nyumbani kwangu. Akaondoka asubuhi, akaenda kulala kwenye ile nyumba ya vyumba viwili. Cha pili ameweka televisheni na pikipiki. Nimeambiwa, mimi sijakanyaga.

Nilimwambia Limi twende kwa mwanasheria. Akakataa. Nikamwambia basi nimpigie baba yake simu, ajue. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu kikao, na akanishika mkono. "Usimwambie, mama. Baba akijua atakuja na panga. Namjua. Atafungwa, na atafia jela. Mwambie nilishindwa." Akaniapisha. Na kweli akampigia mzee mwenyewe, mbele yangu, akamwambia baba nimeshindwa, wenzangu walikuwa wamejiandaa kuliko mimi. Nilisikia sauti ya mzee kwenye simu ikisema si neno, mwanangu, si neno.

Mwenye mtumbwi alishampa mtu mwingine nafasi yake. Mzee akaomba, akazunguka kambini akiomba, mzee wa umri ule, mwisho akapata mtumbwi unaovuja ambao vijana wanaukataa. Na Limi akarudi kisiwani akae karibu naye. Umoja walitafuta mtu wa Goziba wa kutuma habari za kila asubuhi, kwa posho ya vocha, akaichukua. Ndiyo hiyo kazi anayoifanya. Kila asubuhi anamtumia Najibu habari za dagaa, na Najibu anajibu *imepokelewa*.

Mwezi uliopita nilisikia Limi na baba yake wamevuka wameleta mzigo Muleba, nikaenda mwaloni kumwona. Nimezeeka ghafla, nilimwambia Limi, na yeye akacheka akasema hapana mama, uko vilevile. Amekonda. Mikono yake imekauka kwa upepo na jua. Kabla hatujazungumza mzee Mayunga akaniona, akaja mbio kwa miguu yake iliyovimba, anachechemea, amefungua mikono.

"Mama Najibu! Hongera sana, waitu! Umezaa! Visiwa vyote vinamtaja kijana wako!"

Nikamtazama Limi. Akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo sana. "Ahsante, mzee wangu," nikasema.

Akaingia mtumbwini akatoka na kifurushi, sangara waliokaushwa vizuri, wale wakubwa wasiouzwa kambini kwa sababu wana bei. Akaniwekea mikononi kwa mikono yake yote miwili. "Mpelekee kijana wetu. Mwambie wazee wa Goziba wanamshukuru. Ametusaidia sana." Kisha akamgeukia binti yake, kwa upole, akihofia kumuumiza. "Na wewe usione haya. Yule ni kama kaka yako, mmekaa duka moja. Nenda kwake akufundishe taratibu. Ukijitahidi, mwakani labda utapata na wewe."

Kikohozi kikamkamata, akainama, akashika ubavu wa mtumbwi hadi kikapita. Wenzake wakamwita, jua linakwenda, wanatakiwa wafike.

"Sawa, baba," Limi akasema, akabeba dumu la mafuta, akamfuata majini.